Mwalimu Helena Amchagua Mkimbiaji wa Likombe

Mwalimu Helena Komba aliletwa Likombe kutoka Mbinga kufundisha hesabu, miaka ile tulipokuwa tukihamia vijijini. Watoto walimzoea upesi. Wazazi walichelewa kidogo, maana hawakuwa wamewahi kuona mwanamke akipuliza filimbi alfajiri na kukimbia na wanafunzi barabarani, yeye mbele, wao nyuma.

Mwaka 1975 mkoa ukatangaza mashindano mapya ya Saba Saba. Mshindani angeogelea kutoka Msangamkuu hadi pwani ya Shangani, apande baiskeli hadi Mikindani na kurudi Rahaleo, kisha akimbie kuzunguka Likombe mpaka uwanja wa mpira. Yote hayo mtu mmoja, bila kupumzika. Kila kata ilete mtu wake, bandari na kambi ya jeshi vilevile.

Mwenyekiti wa kata yetu ya Likombe, Mzee Shabani Nampota, alimkabidhi Helena kazi ya kumchagua. Walijitokeza wawili. Josephu alikuwa mpakia mizigo bandarini, kifua kipana, akiingia majini utadhani kazaliwa humo. Athumani alikuwa mkulima wa mihogo, mwembamba, mwenye aibu. Alizaliwa Msimbati, kijiji cha pwani, kwa hiyo kuogelea alijua, lakini polepole.

Helena aliwapima siku tatu: siku ya kwanza maji, ya pili baiskeli, ya tatu mbio. Majini Josephu alimwacha Athumani mbali. Kwenye baiskeli walifika pamoja. Kwenye mbio Josephu alitangulia tena, kidogo. Kata nzima ikaona kazi imekwisha.

Helena hakuridhika. Alikumbuka kwamba siku ya baiskeli, baada ya kushuka, Josephu alikaa chini akikanda mapaja, na Athumani alikwenda moja kwa moja kuchota maji ya kunywa. Akawaita tena.

"Leo mtafanya yote mfululizo," aliwaambia. "Hakuna kukaa."

Siku hiyo mambo yaligeuka. Josephu alitoka majini wa kwanza kama kawaida, ila aliposhuka kwenye baiskeli miguu ilikuwa mizito, akakimbia kama mtu aliyefungwa kamba magotini. Athumani alishuka akakimbia vilevile alivyokimbia siku aliyoamka hajachoka. Kabla ya kufika shuleni alikuwa amempita.

"Umejifunza wapi kukimbia hivyo?" Helena alimuuliza.

Athumani alifikiri. "Njia ya shambani kwangu ina mchanga, mwalimu. Nikifika penye mchanga nashuka, nasukuma baiskeli na gunia la mihogo huku nakimbia, nisichelewe soko. Sijui kama huko ni kujifunza."

"Ndiko huko," Helena alisema.

Alipomtaja Athumani mbele ya mkutano wa kata, watu walinung'unika. Josephu hakugombana, wenzake wa bandarini walimchukua akashindane kwa upande wao. Hapo Mzee Shabani akaona aibu inamkaribia.

"Mwalimu, umempa bandari mtu wetu."

"Ndugu mwenyekiti, nisikilizeni," Helena alijibu, na alisimama wote wamsikie. "Athumani atatoka majini nyuma sana. Msikate tamaa. Kwenye baiskeli atapunguza pengo. Atampita Josephu baada ya Rahaleo, kwa miguu. Ikiwa vinginevyo, nilaumuni mimi, yeye msimguse."

Saba Saba ilipofika, ufuko wa Shangani ulijaa watu. Josephu alitoka majini wa kwanza huku bandari nzima ikiimba. Wengine wakatoka mmoja mmoja. Athumani alikuwa karibu wa mwisho, na Mzee Shabani alimgeukia Helena. Helena alikunja mikono kifuani. Baadaye alikiri kwamba moyo ulimdunda mpaka akadhani jirani yake anausikia.

Tulikwenda kuwangoja Rahaleo. Josephu alishuka kwenye baiskeli akiwa wa pili, nyuma ya askari mmoja wa kambini ambaye hakuna aliyekuwa amemfikiria. Athumani alifika akiwa wa tano. Alitupa baiskeli, akaanza kukimbia kwa hatua zake zile zile fupi. Mmoja alipitwa karibu na visima, mwingine penye mikorosho. Josephu alipitwa mbele ya shule yetu, watoto wa Helena wakiwa wamejipanga pande zote mbili wakilitaja jina la Athumani.

Yule askari hakushikika. Athumani aliingia uwanjani wa pili, Josephu akapitwa na mwingine tena, akawa wa nne. Likombe haikuwa imewahi kupata hata nafasi ya kumi katika mchezo wowote wa mkoa.

Mzee Shabani alivuka uwanja mzima kwa bakora yake, akamshika Helena mkono mbele ya watu wote.

"Mwalimu wetu," alisema. Kabla ya siku hiyo alikuwa akimwita mwalimu tu.

Josephu naye alikuja, bado anahema, akamwomba amfundishe. Mwaka uliofuata alijifunza pamoja na Athumani kwenye ule mchanga wa shambani, na kwa kuwa safari hiyo kila kata iliruhusiwa watu wawili, tukawapeleka wote. Athumani alishinda.

Helena hakurudi Mbinga. Alistaafu hapa hapa, na kila mashindano yalipokaribia watu walipita barazani kwake wakimuuliza nani atashinda safari hii.

"Sijui," aliwajibu. "Huyo kijana wenu bado sijamwona akiwa amechoka. Mleteni kesho nimchoshe, ndipo niseme."