Kichwa cha Kondoo Alichokata Oralbai

Hebu mfikirie Oralbai akishuka kutoka juu ya lori la nyasi kavu mbele ya nyumba ya baba yake, suti ya buluu imejaa mabua, kisanduku kimoja mkononi. Mtu huyuhuyu zamani alikuwa akija kijijini kwetu na magari meusi matatu, kuku wa barabara nzima wakikimbilia uani kwangu.

Mimi ni jirani yao, kwa hiyo niliyaona yote. Oralbai alianza na koleo kwenye mgodi wa shaba. Akawa msimamizi, akawa mkurugenzi wa kampuni, akawa mbunge, mwisho naibu gavana wa mkoa. Hakuwa mchoyo, maji ninayochota leo yeye ndiye aliyeyaleta. Ila kila alipopanda cheo, alizidi kuacha kusikiliza watu.

Kwetu mgeni mkubwa huwekewa kichwa cha kondoo, akikate na kuwagawia wenzake. Lakini mtu ambaye baba yake yu hai hakigusi. Hata watoto wanajua. Basi alipokuja na unaibu gavana wake, wapambe walimsukumia sahani, na mzee Kenzhebai, baba yake mzazi, ameketi palepale. Oralbai akachukua kisu, akakata. Mzee aliinuka akaenda kuwatazama farasi wake, na kwa miaka sita hakula tena meza moja na mwanawe.

Kisha Oralbai akazindua mtambo wa kupasha mji joto. Mafundi walimwambia mabomba bado. Yeye akakata utepe. Januari mabomba yakapasuka, mji mzima ukalala na makoti na kofia. Watu walipona wote, namshukuru Mungu, lakini cheo hakikumaliza wiki, na kampuni nayo ikamfungia mlango.

Ndiyo siku ile ya lori: amesimama getini, hajui kama ataingia. Aliyemwona kwanza ni Biken, mke wa kaka yake, na wewe unajua shemeji alivyo na ruhusa ya utani.

"Karibu, Bwana Mtambo. Umekuja kutupasha joto?"

"Shemeji, niache kidogo. Baba yupo?"

"Yupo. Kachinjisha kondoo tangu asubuhi. Usiniulize kwa ajili ya nani, mimi napika tu."

"Atakubali nikae naye mezani?"

"Kamuulize mwenyewe. Na ujikung'ute hayo mabua, ng'ombe watakufuata ndani."

Oralbai aliketi karibu na mlango, mahali pa watoto. Biken akaleta kichwa, akakiweka mbele ya mzee. Mzee akakata sikio. Sikio hupewa mtoto mdogo, ajifunze kusikia, na mjukuu Alua alishanyoosha mkono. Mkono wa mzee ukampita, ukaenda hadi mlangoni.

"Kula."

"Baba, nina miaka hamsini na minane."

"Basi umechelewa sana. Chukua na la pili."

Biken alicheka mpaka akamwaga chai. Oralbai alitafuna yote mawili, machozi yakimtoka, kisha mzee akagonga mkeka kando yake.

"Sogea huku. Hapo mlangoni pana baridi, na mtambo wako hatuna."

Hayo yalitokea vuli iliyopita. Sasa Oralbai anachunga farasi wa baba yake, na juzi wanakijiji walimwendea agombee uenyekiti wa kijiji. Akawajibu, "Ngojeni nimsikilize baba kwanza." Mimi bado napima. Wewe ungempa kura?