Ua wa Kumzuia Kidevu

Enzi zetu, mtoto wa Kiembe Samaki akitaka gari alilitengeneza mwenyewe. Tulikuwa tukiokota waya nyuma ya karakana, tunaunyoosha kwa jiwe, tunakunja bodi, tunaweka usukani mrefu wa kusukumia tukiwa tumesimama, na matairi tunakata kwenye kandambili zilizokufa. Ikifika jioni, njia ya vumbi inajaa magari na honi za midomo. Wavulana walijiona mafundi. Mimi nilikuwa msichana peke yangu katika msafara ule, na nilijiona fundi kuwapita wote, ingawa ukweli ni kwamba magari yangu yalikuwa yanapinda kushoto. Yote. Nikitaka kwenda kulia ilinibidi nizunguke. Nikiulizwa, nilijibu kwamba nimeyatengeneza hivyo makusudi, kwa ajili ya kona.

Asubuhi skuli, mchana chuoni kusoma Kurani, na katikati ya hapo tumbo. Tulikula shelisheli la nazi, maembe mabichi ya chumvi na pilipili, ubuyu uliotutia midomo nyekundu tukajiona tumepaka rangi. Lakini chakula kitamu kuliko vyote kilikuwa cha nyumba ya pili. Nyumba yetu na ya Bi Mize zilipeana migongo, na kati yake palikuwa na uwanja mmoja usio na mpaka. Mama akipika pweza, sahani inavuka uwanja. Bi Mize akipika mkate wa kumimina, sahani ile ile inarudi imejaa. Mimi na binti yake, Riziki, ndio tuliokuwa tukizibeba, na sijui kwa nini kila sahani ilifika ikiwa imepungua kidogo.

Katika uwanja huo Mama alipanda asumini. Mama alikuwa mtunga vikuba, vile vishada vya asumini na mrehani wanavyovaa wanawake. Harusi nyingi za upande wetu zilinukia mkono wake. Mwaka ule harusi ilikuwa ya kwetu wenyewe, ya dada yangu Asha, na Mama alikuwa akiitunza miche yake kama inayonyonya. Bi Mize naye, ambaye asili yake ni shamba, upande wa Makunduchi, alifuga mbuzi. Mmoja wao alikuwa beberu tuliyemwita Kidevu, kwa ndevu zake na kwa namna alivyokuwa akikutazama huku akitafuna, kama mzee aliyesikia uongo wako na hana haja ya kubisha.

Siku moja Kidevu alikata kamba akala mche mzima, mpaka maua yake. Mama akatoka nje, na Bi Mize akatoka kwake.

"Mize, mfunge mbuzi wako. Ananilia harusi ya mwanangu."

"Nnamfunga, anakata kamba. Sasa n'fanye nini, n'jifunge naye?"

"Ukiweza."

Neno hilo moja ndilo lililoharibu. Bi Mize aliingia ndani akafunga mlango, na tangu saa ile sahani hazikuvuka. Wakikutana mferejini kuchota maji, kila mmoja alikuwa akitazama ndoo yake inavyojaa. Riziki akakatazwa kuja kwetu, nami nikakatazwa kwenda kwao. Watu wazima wakinuniana wanaona wao ndio wanaoumia. Mimi nilikuwa nikilala nikiusikia mkate wa kumimina ukinukia dirishani, na hakuna aliyenionea huruma.

Baba alikuwa karani bandarini, mtu mpole asiyependa maneno. Alasiri moja alirudi na hamali akisukuma rikwama lililojaa vipande vya wavu wa waya, ule mzito uliochomelewa, wenye mashimo ya kupitisha ngumi. Vilibaki kwenye ujenzi fulani, akaviomba. Akasema tutaizungushia asumini ua wa wavu, na ugomvi utakwisha wenyewe.

Tatizo likawa ardhi. Waliokulia Kiembe Samaki wanajua kwamba pale ukichimba kidogo tu unagonga jiwe. Baba alijaribu kuchimba shimo la nguzo, mpini wa jembe ukavunjika, naye akakaa chini akafikiri. Akasema kama vipande vile vingekunjwa katikati, vingesimama vyenyewe bila ya nguzo, mfano wa kitabu kilichofunguliwa ukakisimamisha mezani. Lakini nani wa kukunja waya mnene namna ile?

"Mimi," nikasema.

Mama alinitazama mikono. "Kwa vijiti hivyo?"

"Mimi fundi wa waya, Mama. Si unaona magari yangu."

"Nnayaona yanavyokwenda," Mama akajibu.

Baba akasema, "Mwache ajaribu." Na mimi, kwa ujinga wa darasa la sita, nikayasikia maneno yale kama mtu aliyeteuliwa na serikali.

Jaribio la kwanza nililifanya kwa makalio. Nilikiweka kipande ukingoni mwa baraza, nusu ndani nusu nje, nikakalia ile nusu ya nje. Wavu ukapinda kama upinde, nikafurahi, nikainuka kidogo nitazame kazi yangu, na ukanirusha kwenye majivu ya jiko. Nikajaribu tena kwa magoti, kisha kwa jiwe. Mwishowe kipande kilikuwa kimejipinda huku na huku kama mkeka uliolowa mvua, na hakikusimama hata nilipokiegemeza.

Hapo ndipo nilipobuni mashine. Nasema nilibuni, na kwa miaka mingi ndivyo nilivyosimulia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimemuona fundi bati mmoja sokoni Darajani akikunja kingo za ndoo kwa mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba. Nilichobuni mimi ni kusahau kumtaja.

Mashine yenyewe ilikuwa nyepesi kuielewa. Nilichukua mbao za kitanda cha zamani. Mbili nikazilaza ubavu kwa ubavu na kuziunganisha kwa bawaba, ili moja ikae na ya pili iweze kunyanyuka. Ile ya kukaa nikaipigilia juu ya kiunzi cha meza. Ubao wa tatu uliwekwa juu ya wavu na kukazwa kwa bolti ili wavu usisogee. Kwenye ubao wa kunyanyuka nikafunga bomba la maji, refu, liwe mpini. Ukiinua bomba, ubao unanyanyuka na kuusukuma wavu, na wavu hauna pa kukimbilia ila kukunjika pale pale kwenye mstari.

Bawaba nilizipata kwenye mlango wa choo cha uani. Niliomba ruhusa. Baba alisema, "Chukua, mlango wenyewe ushachoka," akanisaidia kufungua skurubu zilizoshika kutu. Tukauegemeza mlango mahali pake kama kawaida. Kilichofuata ni kwamba Baba mwenyewe alisahau. Asubuhi ya pili aliuvuta kwa nguvu zake zote, na mlango ukaja wote, ukampitia begani, ukaangukia beseni la nguo. Baba alibaki amesimama ameshika kitasa, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema neno ambalo chuoni tulifundishwa tusilitamke. Tangu siku hiyo kila aliyekwenda choo alikohoa njia nzima, kwenda na kurudi, na wageni wakadhani nyumba ina kifua.

Mashine ilipokamilika niliikazia wavu, nikalishika bomba, nikavuta juu. Halikwenda. Nikalibadilisha, nikalifunga limeinamia upande wa pili, ncha juu, ili nilivute chini kwa uzito wangu. Nikaruka, nikalidaka, nikaning'inia. Bomba halikushuka hata kidogo. Mashine ilikuwa nzima kabisa. Fundi ndiye aliyekuwa hana uzito. Nilikuwa nikibembea pale kama kanga iliyoanikwa niliposikia mtu anacheka nyuma ya banda la kuku.

Alikuwa Riziki. Ilikuwa saa ile ya mchana ambayo watu wazima wote wamelala.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Nnatengeneza ua."

"Wa nini?"

"Wa kumzuia mbuzi wenu."

Akafikiri kidogo. "Haya. N'shike wapi?"

Hata leo nikilikumbuka jibu lile nacheka peke yangu. Riziki alikuwa na mwili, alhamdulillahi, na alipoongeza uzito wake juu ya wangu bomba likateremka, ubao ukanyanyuka, na wavu ukakunjika huku ukilia kama mlango wa jumba la zamani. Tulipofungua bolti kikatoka kipande chenye pembe iliyonyooka kama ya daftari. Tukakisimamisha juu ya mawe. Kikasimama. Tulikaa chini tukakitazama. Sijawahi kujenga nyumba wala kuzindua meli, lakini najua wanavyojisikia.

Mchana baada ya mchana, mama zetu wakilala, tulizikunja mbavu za ua ule. Kazi ikanipanda kichwani. Nikaamua kwamba ua wa kawaida hautoshi, Kidevu ataruka, basi kila kipande tukikunje na juu, ukingo uelekee ndani kama ukingo wa kofia. Riziki akauliza, "Mbuzi yuko nje, kwa nini ukingo uelekee ndani?" Nikamwambia yeye hajui mambo ya waya.

Siku ya kuunganisha vipande niliingia katikati ya asumini, kwa sababu mafundo nilitaka yawe ndani, yasionekane, ua upendeze. Riziki alikuwa akishika kwa nje, nami nafunga kwa waya mwembamba na koleo. Nikafunga kona ya mwisho, nikayakaza mafundo yote, nikakata ncha zilizozidi. Kisha nikampitishia Riziki koleo kwenye shimo, ili aone kwamba nimemaliza. Nikageuka kuitazama kazi yangu.

Kidevu alikuwa nyuma yangu. Sijui aliingia lini. Nadhani alipita kwenye nafasi ile ya mwisho wakati nimeinama, akasubiri kwa adabu nimalize. Alinitazama, akachuma ua la asumini, akatafuna.

Nikajaribu kupanda nitoke. Ule ukingo wangu ulioelekea ndani ukanirudisha chini. Nikajaribu tena, ncha za waya zikanikamata gauni, nikabaki nimenasa mguu mmoja juu. Ua haukuwa na mlango. Katika hesabu zangu zote za mashine, bawaba na bolti, sikuwa nimefikiri kwamba Mama atahitaji kuingia kuchuma maua.

"Riziki, n'pe koleo," nikasema.

Riziki hakuweza. Alikuwa amekaa chini anacheka, machozi yanamtoka, koleo ameliweka mapajani. Kicheko chake kikamtoa Bi Mize upande wake, na kelele zangu zikamtoa Mama upande wetu. Wakasimama, mmoja huku na mmoja huku, ua katikati, na ndani yake mimi, nimetundikwa, na mbuzi anakula.

Mama alimtazama mbuzi, akanitazama mimi. Kisha akasema, bila ya kumtazama mwenzake, "Mize, mwambie mbuzi wako atoke."

"Mwambie wewe," akasema Bi Mize. "Yupo kwako. Na umemfungia."

"Sikumfungia mimi. Kafungiwa na fundi."

"Mwambie fundi, basi."

"Fundi mwenyewe humuoni alivyo?"

Bi Mize akanitazama vizuri, kuanzia mguu ulioko juu. Nikaona mdomo wake unatetemeka. Akaziba uso kwa kanga, mabega yakaanza kumruka, na Mama naye akashika kiuno, akainama. Walicheka mpaka wakashikilia wavu wasianguke, na vidole vyao vikawa vinakutana kwenye mashimo yale yale. Mimi nililia kwa hasira. Hakuna aliyeshughulika na mimi mpaka Baba aliporudi kutoka kazini.

Asumini hazikupona, Kidevu alikuwa na muda wa kutosha. Lakini kabla ya harusi Bi Mize alikwenda kwao shamba, akarudi amejitwika pakacha lililofunikwa jani la mgomba, na alipolitua mbele ya Mama uwanja mzima ukanukia. Wakakaa mkekani wakatunga vikuba pamoja, mmoja akichomeka maua na mwenzake mrehani, wakisimuliana, kila wakifika pale pa mguu wanaanza kucheka upya. Dada Asha akaolewa akinukia asumini za Makunduchi. Ua ulifunguliwa ukawa zizi la Kidevu, na humo ule ukingo wa kuelekea ndani ulifanya kazi vizuri sana. Nikamwambia Riziki kwamba tangu mwanzo ndivyo nilivyokusudia.

Siku hizi nakaa mtaa ule ule, mtu mzima mwenye magoti yanayolia kuliko wavu. Wanangu wakitaka kitu wanabonyeza simu, na kikifika kimepinda wanabonyeza tena kirudishwe; hata kukasirika wamewaachia wengine. Juzi mjukuu wangu kitasa kilimtoka mkononi, akakitazama, akauliza nani tumpigie. Nikataka kumcheka, nikakumbuka mimi niliyejifungia na mbuzi, nikaenda kumtafutia bisibisi.

Kinachonisumbua ni kingine. Mtaa mzima sasa umejengwa kuta za matofali, ndefu kumpita mtu, chupa zilizovunjwa zimepangwa juu. Mimi pia ninao, na niliulipia kwa furaha. Mwenye nyumba ya nyuma yangu namjua kwa mlio wa geti na kwa harufu ya vitunguu vyake saa za magharibi. Jina lake silijui. Wiki iliyopita nilikuwa naanua nguo, nikasikia mwanamke anacheka upande wa pili, kicheko kile cha kukata pumzi. Nikasimama na nguo zangu mkononi, nikasogea karibu na ukuta, nikasikiliza mpaka akanyamaza. Sikujua alikuwa anacheka nini.