Pafyumu Niliyoinunua Mkiwa Bila Kuinusa

Jamani, nyie mliokaa kwenye hayo magunia, na wewe unayejifanya unachezea simu huku masikio yamesimama kama ya sungura, sogeeni. Hili ninalowaambia limenitokea mimi, kwa mwili huu huu mnaouona. Najulikana kwa kuongeza chumvi, sikatai. Nikiuza gunia moja nasema nimeuza lori. Lakini hili sijaongeza kitu, niaminini. Chumvi ilikuwa imo tayari.

Kazi yangu mnaijua, vitunguu. Navitoa Mkalama, navileta Singida mjini. Mtu wa vitunguu ananuka vitunguu, hilo halina mjadala. Nikioga, sabuni ndiyo inatoka inanuka vitunguu. Pua yangu yenyewe ilishakufa zamani, haisikii kitu. Sasa mtu kama mimi ataishije bila pafyumu?

Kwa hiyo nimezijaribu zote wanazopaka wanaume, na kila moja nina neno lake. Ile ya chupa ya bluu ndiyo wanapaka vijana wote wa stendi. Ukipaka ile halafu umeme ukakatika, mkeo anaweza kuondoka na mwanaume mwingine mpaka nyumbani asijue. Ile ya udi ni nzuri, ila ni ya mtu mwenye gari. Wewe wa bodaboda, jua la saa nane likikupiga, unanuka kama kochi linaloungua. Ile tamu tamu inayonukia keki, watoto wanakufuata njiani. Na zile za kupimiwa kwenye vichupa, upepo wetu huu wa Singida unazichukua kabla hujafunga geti. Unapaka wewe, ananukia mtu wa Manyoni.

Sasa kilichonipata. Nilikuwa namtaka Leokadia, binti wa Rungwa, fundi cherehani hapa mjini. Namtaka sana, mpaka nilikuwa nachana suruali zangu makusudi ili nipeleke kushona. Mshenga alikwenda kwao akarudi na jibu moja: wanataka wanione mwenyewe. Leokadia akatangulia nyumbani. Kabla hajaondoka akaniambia, "Baba ana pua. Mvua ikiwa bado iko Mbeya yeye anaisikia harufu. Usije na vitunguu vyako."

Hakuniambia kwamba baba yake ni mfuga nyuki. Au aliniambia, mimi nilikuwa naangalia macho yake.

Siku ya safari napapasa begi, chupa yangu ya pafyumu imepasuka, imemwagikia mkate wa safari. Basi likasimama Mkiwa. Mnapajua Mkiwa, pale njia panda. Wauzaji wakalivamia basi madirishani, kuku wa kukaanga, karanga, asali. Mmoja tu hakukimbia. Mzee mrefu, amevaa koti zito juani, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, kama mtu aliyetoka shimoni kuchimba. Mkononi ana chupa moja. Moja tu. Kivuli hakuwa nacho, lakini ilikuwa saa sita mchana, hata mimi sikuwa nacho, kwa hiyo hilo tuliache.

Nikashuka nikamwambia, "Shikamoo mzee. Hebu nipulizie kidogo ninuse."

"Marahaba. Hii hainuswi," akasema. "Ukishaichukua ndiyo utaijua."

Nyie mngefanyaje? Dereva anapiga honi, mkwe ana pua, mimi nanuka gunia. Nikalipa, nikachukua. Nikageuka kuiweka begini, nikageuka tena, mzee hayupo. Wauza kuku wote wapo, yeye hayupo.

Nilipofika Rungwa nikaingia nyuma ya choo cha pale kituoni nikajipulizia shingoni, kwapani, mpaka kwenye soksi. Sikusikia harufu yoyote. Nikasema hii dhaifu, nikarudia.

Nikaingia uani kwao. Mbwa mzee alikuwa amelala mlangoni. Hakubweka. Akaja taratibu, akalaza kidevu juu ya kiatu changu, akafumba macho. Leokadia akatoka mbio anachechemea na kandambili moja.

"Umepaka nini wewe?" akaninong'oneza. "Hapa watu hawapaki manukato. Nyuki watakuua."

Baba yake alikuwa amesimama chini ya mti wenye mizinga, akaninyooshea mkono. "Kijana, simama hapo hapo. Usitikisike."

Wapi. Nyuki walishatoka. Si wachache, jamani. Jua lilipungua. Nikaanza kusali sala zote ninazozijua, na za Waislamu nikaazima. Wakanifikia, wakatua kwenye kola ya shati, wakatulia kimya kama watu waliofika kwao. Hata mmoja hakuniuma. Halafu wakanyanyuka, wakarudi mzingani.

Baba yake Leokadia akanitazama kwa muda. "Mtu waliyekuwa wanamtulia hivyo alikuwa marehemu baba yangu," akasema. "Hakuna mwingine."

Hapo ndipo bibi akatoka jikoni. Mama yake huyo baba, kikongwe, mdogo kama kuku wa kienyeji. Akasimama, akavuta hewa. Akasema, "Umerudi."

Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Mnajua utani wa mabibi zetu. Mchumba wa mjukuu akija, bibi lazima amwite mume wangu, amwambie mjukuu ahame kitanda. Leokadia akamjibu vizuri tu, "Bibi, huyu wangu, tafuta wako."

"Wako yupi?" bibi akasema. "Wewe umemkuta kwangu."

Tukacheka tena. Baba yake akasema, "Mama keshaanza." Bibi hakucheka. Akaenda akaleta maji kwenye beseni, akapiga magoti kwa shida, akaanza kuninawisha mikono. Kicheko kikaanza kupungua kimoja kimoja. Akaniuliza, huku ananisugua vidole, "Ule mzinga wa mninga uliokwenda kuutundika kabla hujaugua, uliuweka wapi? Mwanao kautafuta mpaka kachoka."

Mimi Rungwa nilikuwa sijawahi kukanyaga kabla ya siku ile. Mninga wenyewe naujua ukiwa kitanda. Lakini mdomo wangu ukafunguka peke yake, ukasema, "Uliangukia korongoni, nyuma ya kichuguu chenye vichwa viwili."

Ile sauti haikuwa yangu, ilikuwa nzito, ya mtu aliyevuta tumbaku. Baba yake Leokadia akachukua panga akaelekea korongoni. Tukakaa. Tukamsubiri sote, hata mbuzi. Aliporudi alikuwa amebeba gogo lililoliwa na mchwa, limetobolewa katikati. Mzinga. Akautua chini, akavua kofia.

Akaniambia, "Shikamoo."

Mimi, mkwe mtarajiwa, nilitaka kukimbia. Mdomo ukaitika, "Marahaba."

Sasa jiulizeni. Nimekuja kuomba binti, na baba mtu kashanifanya baba yake. Nitamuoaje mjukuu wangu? Nikamwangalia Leokadia, machozi yanamlengalenga, na mimi nikaona hapa nimemkosa. Nikataka kusema mimi ni mtu wa vitunguu tu, jamani, mdomo ukagoma.

Bibi akavuta kigoda karibu. Mbele ya mwanawe na mjukuu wake akaanza kunisemesha mambo ya ujanani. Kumbe mumewe, watoto wakiwa wadogo, aliwahi kwenda Sekenke kuchimba dhahabu. Akakaa huko sana. Aliporudi alirudi ananukia. Harufu ile ile niliyokuja nayo mimi. Bibi akamuuliza, ni ya mwanamke gani? Mzee hakujibu. Akamuuliza mwaka hadi mwaka, mpaka kitandani alipokuwa anakata roho akamuuliza. Mzee akageukia ukutani.

"Leo huna ukuta," bibi akaniambia. "Niambie. Alikuwa nani?"

Mdomo wangu ukasema polepole, "Hakuwapo mtu. Nilikununulia wewe. Muuzaji alinikataza kunusa. Nikaifungua nikiwa njiani, nikakuta ni ya wanaume. Nikaona aibu. Nikawa najipaka mwenyewe ili iishe."

Bibi akaiachia mikono yangu. "Sasa kwa nini hukusema?"

"Ungenicheka."

"Ningekucheka," akasema. "Ningekucheka sana."

Akajifunika uso kwa khanga, mabega yakawa yanatikisika. Mpaka leo sijui alikuwa analia au anacheka. Nafikiri vyote.

Najua mnataka kujua kama nilipewa binti. Tulieni, kwanza mjue kilichonibakia.

Ile chupa nilipoitoa begini kesho yake ilikuwa tupu, kavu, ina vumbi jekundu ndani kama haijawahi kutiwa kitu. Sauti yangu ilirudi jioni ile ile, lakini shati sijaliweza. Nimelifua kwa sabuni, kwa majivu, kwa petroli, nimelianika kwenye upepo unaong'oa mabati, bado. Nikilivaa nikaenda gulioni, vikongwe wananigeukia, kila mmoja ananitazama kama ana swali lake. Nalikunja nalirudisha chini ya godoro. Sina majibu ya vikongwe wote wa mkoa huu.

Kwa hiyo nyie vijana mnaoagiza pafyumu kwenye simu kwa kuangalia picha, eti imesifiwa, eti wengi wamenunua, sikieni. Pulizia kwenye kifundo cha mkono. Zunguka soko lote, nunua nyanya, rudi. Kama bado unajitambua, nunua. Na muuzaji akikwambia hainuswi, usibishane naye, muulize tu ni ya nani, halafu ondoka.

Haya, binti. Jioni ile baba yake akakaa kwenye kiti chake, akakohoa. Mimi nimepiga magoti, sijui napiga kama mkwe au kama marehemu. Leokadia amesimama mlangoni ananyonga upindo wa kitenge. Baba akamgeukia bibi.

"Mama, huyu alikuja kuomba mtoto. Mimi sijui tena ni nani. Sema wewe. Tumpe Leokadia, au tumpeleke chumbani kwako?"

Bibi akanitazama kuanzia soksi mpaka kichwani, akafikiri, akatema mate pembeni.

"Mpeni tu Leokadia," akasema. "Mimi kwa huyu zamu yangu nilishaimaliza."