Mguu wa Reksi na Mkono wa Abrahamu

Haya ninayowaandikia hamtayaamini, na mimi sitawabembeleza. Anayetaka kubisha na abishe mpaka koo limkauke. Katika shamba moja la mkonge kusini ya Tongoni, mbwa alivunjika mguu akapewa mapumziko ya wiki sita, nyama mchana, maziwa asubuhi, na mtumishi wake mwenyewe wa kumwosha. Na huyo mtumishi, alipovunjika mkono yeye, baada ya kufunguliwa plasta alipumzika siku tatu.

Mtumishi ndiye Abrahamu. Mshambaa wa milimani, Mlutheri mwenye sauti ya besi, mrefu kama nguzo ya simu, tena mpole wa kukera: ukimkanyaga, anayeomba radhi ni yeye. Aliteremka pwani kutafuta kazi, akapelekwa korona, kwenye ile mashine inayosaga majani ya mkonge mpaka zibaki singa, nyuzi tupu. Kazi yake ilikuwa kuilisha majani. Akailisha miaka mitatu. Wa nne ikamla yeye. Mkanda ulimvuta mkono wa kulia, mfupa ukakatika mahali pawili.

Hospitali walimfunga plasta, ile chokaa nyeupe inayokauka ikawa ngumu kama jiwe, akakaa nayo kambini akijikuna ndani kwa chelewa ya ufagio. Siku ilipofunguliwa, mkono uliotoka hakuujua. Mwembamba, umepauka, ngozi inabanduka magamba magamba, na harufu yake usiniulize. Mkewe Praxeda, mpwa wangu huyo, Mbondei asiyeogopa mtu (kauchukua kwetu ujasiri, si kwingine), akawa anauosha kwa maji ya uvuguvugu, anaukausha kwa kanga kuukuu bila kuusugua, anaupaka mafuta ya nazi, anamkunja kidole kimoja kimoja. Siku tatu. Ya nne, nyapara Idarusi alikuwa mlangoni.

"Abrahamu, plasta imetoka?"

"Imetoka, bwana nyapara."

"Basi umepona. Kumbe iliyokuwa inaumwa ni plasta."

Akarudi korona. Kwa asiyeyajua maji ya mkonge, yanawasha hata ngozi iliyokomaa juani. Ngozi iliyotoka kwenye plasta juzi yanaichoma kama moto. Yalimrukia mpaka kwenye kiwiko. Mkono ukachubuka, ukavimba, ukatunga usaha, na ulipotulia, vidole vitatu havikunjiki tena. Wakampa ufagio afagie uani. Hata huo ufagio alinuniwa nao, maana Idarusi alisema mwenye vidole viwili anafagia nusu ya uani.

Ndipo toroli la reli lililojaa mkonge lilipompitia Reksi, mbwa wa bwana meneja, mguu wa nyuma. Bwana mifugo akaitwa kutoka Tanga, akamfunga plasta, akasema anatakiwa mtu wa kukaa naye. Watumishi wa nyumbani walikuwa Waislamu watupu. Wote waliapa afadhali wafukuzwe kuliko kushinda wameloa mate ya mbwa. Idarusi naye alisimama mbali, kanzu kaikusanya mkononi.

"Huyo akinigusa na pua yake, najitwaharisha mara saba, na moja kwa udongo. Nina wasaa huo mie? Mwiteni Mshambaa. Kwao mbwa wanakula nao jikoni."

"Jikoni hatuli nao," Abrahamu akasema polepole. "Wanalinda mahindi."

"Haya, nawe mlinde huyu."

Neno la bwana meneja lilikuwa fupi: atamtunza mpaka atembee kwa miguu minne, kisha arudi korona, maana ufagio umepata mtu mwingine. Abrahamu akavitazama vidole vyake. Kurudi korona na vidole vile ni kufukuzwa, na kufukuzwa ni kutoa vyombo nje ya chumba cha kambi siku ile ile, yeye na Praxeda na mtoto wao Bertha. Mbwa akiwa mgonjwa, wao wana dari. Akipona, hawana. Hesabu hiyo hata mimi niliyeishia darasa la tatu naiweza.

Wiki sita zikaisha. Bwana mifugo akaja na mkasi wake mkubwa, akaikata plasta, akaibandua. Mguu uliotoka ulikuwa kijiti. Manyoya yamekatikakatika, ngozi imepauka na kuota ukoko, kwenye kifundo pana wekundu palipokuwa panasuguka. Reksi akaugeukia, akaunusa, akamtazama Abrahamu kama anayeuliza huu wa nani.

"Usimsugue," bwana mifugo akamwambia. "Ukoko uache utoke wenyewe. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, suuza sana, kausha kwa kugusagusa. Asijilambe, atachubuka. Atembee kwa kamba, mwendo mdogo, asikimbie, asiruke ngazi. Mguu umelala wiki sita, haujui tena kazi yake."

"Ndiyo bwana," Abrahamu akaitikia kila neno. Na kila alipoitikia, moyoni alikuwa anauliza: mbona mimi sikuambiwa na mtu?

Akaanza. Asubuhi anapasha maji, anayapima kwa kiwiko cha mkono wake mbovu, maana ndicho kinachojua moto kuliko kiungo chochote. Anaosha, anasuuza, anakausha kwa kitambaa cha Praxeda. Kumzuia asijilambe, alichukua kikapu cha ukili, akakitoboa kitako, akamvika shingoni. Kambi nzima ikaja kumcheka.

"Shemeji, bwana harusi wako lini anaoa?"

"Muulizeni mwenyewe, mimi mtumishi tu."

Reksi akaanza kugusa chini kwa kucha, halafu kwa wayo, halafu hatua mbili, kumi, mpaka mwisho wa ua na kurudi. Ngozi ikalainika, manyoya mapya yakachomoza mafupi kama ndevu za juzi. Abrahamu akafurahi. Halafu akakumbuka korona.

Praxeda alileta chakula mchana mmoja akasimama akawatazama.

"Baba Bertha, anaendelea vizuri mno huyo."

"Anaendelea."

"Unamharakisha uende wapi?"

Abrahamu akanyoosha kikapu shingoni mwa Reksi.

"Watu wa hapa wakitaka siku mbili za kupumzika wanafanyaje? Hujui?"

Alijua. Kila mtu shambani alijua. Unavunja ncha ya jani la mkonge, unajipaka maji yake kwenye muundi. Kukicha pamekuwa pekundu, dresa, yule mganga wa zahanati ya shamba, anaangalia, anakuandikia idii, ile ruhusa ya mgonjwa asiende kazini.

"Tone moja," Praxeda akasema. "Wiki mbili hizo umezipata."

"Atawashwa, mama Bertha."

"Wewe hukuwashwa?" Akaweka bakuli chini kwa kishindo. "Nilikuosha siku tatu, wakaja wakakutoa mikononi mwangu. Aliyesema ngojeni ngozi yake ikomae ni nani? Leo mbwa wao nao wamngoje."

Akaondoka. Ugali ukapoa, Reksi akaula.

Kesho yake Abrahamu alipita kwenye mstari wa mkonge akavunja ncha ya jani. Hilo sikatai, watu walimwona. Akafika bandani, akachuchumaa. Reksi akamletea mguu mwenyewe, kama alivyozoea, akamwekea gotini. Abrahamu akautazama mguu, akautazama mkono wake, jani linavuja. Basi akainuka akalitupa jani lile nje ya ua, likaruka, wallahi, likavuka paa la bwana meneja.

Siku mbili zilizofuata mguu uliwaka wekundu, ukatoa majimaji. Inzi, nasema mimi. Inzi wa shamba la mkonge wana meno. Abrahamu hakurudi nyumbani kula. Alimwosha kwa maji ya baridi, na tena, na tena, akampepea kwa upepeo wa ukili asitue hata inzi mmoja, akimwimbia nyimbo za kanisani kwa Kishambaa. Praxeda alikuja na bakuli, akawaona, akarudi nalo. Siku ya tatu wekundu ukashuka.

Baada ya majuma mawili Reksi alikimbia. Bwana meneja akarusha mpira, mbwa akaurudisha, bwana akacheka akapiga makofi. Mbwa akanunuliwa mkanda mpya wa shingo wa ngozi. Abrahamu akaambiwa vizuri sana, na Jumatatu korona.

Hakufika mwisho wa wiki. Majani yalimponyoka mashine ikijiendea tupu, na Idarusi akamwambia, tena kwa sauti ya mtu asiyependa anachokisema, "Nenda zako, ndugu yangu. Hapa utaacha na wa kushoto." Ufagio ulikuwa kwa mtu mwingine. Vyombo vikatolewa nje jioni hiyo, na walipopita nyuma ya nyumba ya bwana na mizigo kichwani, Reksi aliwafuata kwa upande wa ndani wa ua mpaka ua ulipoishia.

Sasa wapo hapa Makorora, Tanga mjini. Praxeda anakaanga mihogo, watu wanajaa. Abrahamu yuko hapa ubavuni mwangu, namsomea kila ninachoandika, kainamisha kichwa, anausugua ule mkono. Na mimi nasema bila kutia chumvi, kwani chumvi nimeiacha tangu ujana: kutoka hapa mpaka Mkwaja hajazaliwa mtu aliyelea mnyama wa watu kwa mkono safi kama huyu. Shida ilimkaba, mke alimsukuma, jani analo mkononi linavuja, na bado mbwa yule hakumpaka hata tone mo—

"Nilimpaka," Abrahamu akasema. "Inzi hawakuwepo, mjomba. Nilimpaka, naye hakuuvuta mguu."