Nilivyotafuta akaunti yenye makato madogo ya kupokea pesa za mtandao, nikakwamia herufi moja Ruiru

Wakuu, habari za jioni.

Juzi mdau mmoja aliuliza humu ni akaunti gani ya benki haimkati mtu sana akitoa pesa zake za mtandao. Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta nimejaza ukurasa. Nikaona bora niufungulie uzi wake.

Yote haya yalitokea. Majina ya benki nayaacha, maana benki huwa zina mawakili. Halima, ambaye mtakutana naye hapo chini, ameusoma uzi kabla yenu na amekubali kila kitu isipokuwa pale ninaposema alicheka hadi akakaa sakafuni. Yeye anasema alichuchumaa.

Haya, twende.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza chuo, masomo ya hesabu na kompyuta, na napanga chumba mtaa wa Kahawa Sukari, nje kidogo ya Nairobi. Halima tulisoma darasa moja. Kwao ni Thika, baba yake anauza vitambaa, na nyumbani kwao walikuwa wakiongea Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni. Hilo la Kiswahili mliweke akilini, lina kazi.

Sisi wawili tuliandika programu ndogo ya kupanga ratiba za ligi ya mpira. Unaingiza majina ya timu, inakupa nani atacheza na nani, wiki gani na uwanja gani, bila timu moja kuonewa kwa mechi za ugenini.

Tukaiweka kwenye mtandao. Mtu anaijaribu bure, akiipenda analipa kwa kadi kupitia kampuni moja ya ng'ambo. Kampuni inatushikia hizo pesa, halafu sisi tunaomba kutumiwa.

Watu wakalipa! Vilabu vya vijijini, ligi za walimu, hata mchungaji mmoja aliyetuandikia barua pepe kwamba tumeliokoa kanisa lake lisigawanyike. Sijui walitupata vipi mpaka leo.

Shida ni moja: pesa zilikuwa zinaonekana kwa skrini tu. Na skrini hainunui unga.

Na mimi nilikuwa na haraka. Baba yangu, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kule Kalimoni, alikuwa amenitafutia kazi ya stoo kwenye kiwanda cha nguo, Eneo la Viwanda Thika. Alimzungukia rafiki yake mmoja huko hadi akakubaliwa.

"Mimi sijakataa kompyuta," aliniambia. "Lakini pesa ambayo hakuna mtu ameishika, hiyo ni hadithi. Mwezi ukiisha kama sijaiona, Jumatatu unaingia stoo."

"Na ukiiona?"

"Nikiiona, sitakutajia stoo tena."

Kazi yenyewe haikuwa mbaya, msinielewe vibaya. Lakini mtu wa stoo anaingia alfajiri na kutoka jioni, na programu yetu ilikuwa na wateja wanaouliza maswali kila siku. Nikiingia stoo, programu inakufa. Nilijua hivyo, na Halima alijua hivyo.

Basi nikaanza kutafuta akaunti.

Sasa mimi ni mtu wa kuuliza. Mama alikuwa akisema nilichelewa kuzaliwa kwa sababu nilikuwa nauliza kwanza huko nje kuna nini. Benki ya kwanza, pale Thika, nikamwuliza karani makato yao ni yapi.

"Kuna ledger fee," akasema. "Kila mstari tunaoandika kwa akaunti yako, tunakata kidogo."

"Sawa. Na ule mstari mnaoandika kusema mmenikata, huo pia unakatwa?"

Aliniangalia. Akaangalia watu walio nyuma yangu.

"Next!"

Benki ya pili ilikuwa kubwa, ile ya sakafu inayoteleza. Walinipa karatasi nzuri ya rangi yenye kusema huduma zao ni nafuu. Nafuu kuliko nini? Haikusema. Nikaamua siwezi kuamini karatasi iliyoandikwa na muuzaji. Nitawauliza wanunuzi.

Kwa hivyo nikasimama mlangoni. Kila mteja akitoka, namsalimia vizuri, namwuliza: "Samahani, hapa huwa wanakukata pesa ngapi ukitoa?"

Wakuu, hebu jaribuni kujiona. Kijana mwenye koti la kuazima, amesimama mlango wa benki, anauliza watu wametoka na pesa ngapi.

Askari alinishika mkono polepole kama mtu anayemshika kuku wa jirani.

"Wewe kijana, umesalimia watu wangu vya kutosha. Ingia ndani usalimie meneja."

Hivyo ndivyo nilivyopata kikao na meneja, kitu ambacho wenye akaunti pale walikuwa wanangojea wiki nzima. Nilipomweleza, alivua miwani, akacheka, akaanza kunichorea.

"Pesa yako haitoki huko ikaingia kwako moja kwa moja," akasema. "Inapita benki ya huko, halafu benki ya katikati, halafu hapa kwetu. Kila moja inamega. Ni kama sahani ya ugali inayopitishwa kwa watu wenye njaa. Wewe unauliza makato yangu tu. Uliza kinachofika mezani."

Hilo swali nimelitumia maisha yangu yote.

Kisha akaniuliza nataka akaunti ya aina gani. Nikasema current account, yenye kitabu cha hundi.

"Hundi utamwandikia nani?"

Ukweli ni kwamba nilikitaka kitabu cha hundi kwa sababu watu wenye digrii walikuwa nacho.

"Nenda utafute akaunti ya akiba ya kawaida," akasema. "Hata kama si kwangu. Na usimsumbue askari wangu tena."

Ndipo nikaangukia benki ndogo ya Ruiru. Akaunti ya akiba, hakuna ledger fee, salio la chini dogo. Pesa za nje walikuwa wanapokea kupitia benki moja kubwa ya Nairobi, na makato yalikuwa kiasi kilekile, uwe umetumiwa nyingi au kidogo.

Hapo hesabu ikawa rahisi. Kama makato hayabadiliki, usitoe kidogo kidogo. Acha zijae huko, toa kwa mkupuo. Halima akasema nimesoma chuo kizima ili nigundue kwamba safari moja ni nafuu kuliko tatu.

Lakini enzi hizo hufungui akaunti hivihivi. Lazima mtu mwenye akaunti pale akutambulishe, atie sahihi kwamba anakujua. Na ni nani niliyemjua mwenye akaunti benki hiyo? Baba. Pesa zake za maziwa zilikuwa zinapitia pale.

Alitia sahihi. Uso wake ulikuwa wa mtu anayemsaidia mwanawe kuchimba shimo ili aone mwenyewe kwamba halina maji.

Tukaomba malipo. Tukangoja.

Nikienda benki, karani wa kaunta anaangalia, anasema hakuna kitu. Naenda tena, hakuna. Kampuni ya ng'ambo inaandika: tumetuma, imefika. Benki inasema haijafika. Mwezi ukawa umebaki na mkia tu.

Ijumaa ya mwisho Halima akasema, "Leo naenda na wewe. Labda unauliza maswali mengi hadi wanasahau jibu."

Tukafika kaunta. Yule karani, kijana wa huko kwetu kabisa, akafungua faili yake. Naandika hapa vile masikio yalisikia.

"Kuna pesa za dola zimekaa hapa," akasema, "lakini ni za Rameck Njoroge."

"Ndiye mimi! Rameck Njoroge!"

"Hapana. Wewe ni Rameck. Hizi ni za Rameck."

"Si ndio nakwambia? Mimi ni Rameck!"

"Sikiza, boss. Wewe kwa akaunti ni Rameck. Huyu wa dola ni Rameck. Ni watu wawili."

Tulikuwa tunaangaliana kwa hasira ya kweli. Halima akainama, nikadhani anaumwa.

"Ngojeni," akasema akijifuta macho. "Ndugu yangu, huyo wa dola anaanza na herufi gani? Ile ya redio ama ile ya limau?"

"Ya rimau," akajibu karani kwa uhakika.

Hapo ndipo Halima alipokaa sakafuni. Sawa, alipochuchumaa.

Kumbe hivi. Kwenye vyeti vyangu vya shule mimi ni Lameck, na ndivyo nilivyojiandikisha kwa ile kampuni. Lakini siku ya kuchukua kitambulisho, mwandishi aliniuliza jina, nikalitamka kama tunavyolitamka nyumbani, naye akaandika alichosikia. Rameck. Niliiona hiyo R nikaipuuza. Kwetu L na R zote tunazitamka R, nani angejua tofauti? Na akaunti nilikuwa nimeifungua kwa kitambulisho.

Mimi, mtu wa kuuliza kila kitu, sikuwahi kuliuliza jina langu.

Meneja wa pale akatuita. Akasema kuna njia mbili. Niende kwa wakili nikaapishwe kwamba majina yote ni yangu, na bei ya wakili ingemeza makato yote niliyokwepa pamoja na siku zilizobaki. Au yule aliyenitambulisha aje athibitishe mwenyewe. Kesho Jumamosi wanafungua nusu siku. Baada ya hapo pesa zinarudi zilikotoka.

Aliyenitambulisha. Yaani Baba.

Asubuhi yake Mzee alikuja na kofia yake ya kanisani. Nilikuwa nimemweleza yote njiani, na hakuwa amejibu chochote zaidi ya "mm."

Meneja akamkaribisha kiti. "Mzee, hizi pesa ni za mtu anaitwa Lameck. Wewe ulitambulisha Rameck. Ukisema humjui huyu mwingine, tunazirudisha leo."

Mimi nikaangalia viatu vyangu. Neno moja tu, "simjui," na Jumatatu niko stoo. Hata hangekuwa amedanganya sana, maana Lameck kwa L hakuna mtu Kalimoni aliyewahi kumtamka.

Baba akavua kofia, akaiweka juu ya goti.

"Hapa kwenu mimi huwa mnaniita nani?"

"Baba Rameck," akasema meneja.

"Na kule Kalimoni?"

"Nafikiri ni hivyo hivyo."

"Mtoto mwingine wa jina hilo sina. Kama kuna mwingine wa herufi ingine, basi nilizaa bila kuambiwa. Lete karamu."

Karani alicheka, Halima akacheka, meneja akajikaza akashindwa. Baba akatia sahihi yake ndefu. Pesa zikatoka.

Nilimpa azishike, kama tulivyokubaliana. Akazigeuza, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha, akanirudishia mimi na Halima.

"Hii ni pesa," akasema.

Tulipotoka nje akavaa kofia, akaanza kuelekea upande wa stendi ya magari ya Thika. Nikamwambia magari ya nyumbani yako upande ule mwingine.

"Najua nyumbani ni wapi. Naenda kumwambia rafiki yangu atafute mtu mwingine wa stoo. Maneno kama hayo yanasemwa uso kwa uso. Nyinyi nendeni kwa mashine yenu."

Tulienda, wakuu. Tulikula nyama choma kwanza, halafu tukaenda.

Nilichojifunza ni hiki. Usichague akaunti kwa orodha ya makato, maana kila benki itaficha moja nyuma ya mlango. Uliza nikitumiwa kiasi hiki, ninashika ngapi mkononi. Kama makato ni kiasi kimoja, toa mara chache. Anza na malipo madogo ya majaribio; sisi hatukujaribu, ndiyo maana tulichemka. Na linganisha jina lako herufi kwa herufi, kwa macho. Masikio yatakudanganya.

Sasa nanyi semeni. Leo mnatumia akaunti gani, na kinachofika mezani ni ngapi? Mwenye kupinga hesabu yangu apinge, nitafurahi.

Na akina Rucy, Firomena na Charres mlioko humu, nawajua. Jitokezeni mtuambie zenu zilikwama wapi.