Protini ya Nesi Ajwang

Nesi Ajwang, binti wa mzee Otuoma wa Shirati, sasa mchanjaji katika zahanati moja huko Igoma, alikuwa na elimu iliyokosa mteja. Chuoni aliandika tasnifu nzima kuhusu protini moja ya kirusi cha surua. Kurasa sitini na nne! Tangu mahafali hakuna kiumbe aliyemuuliza habari zake. Baba yake, ambaye alitaka asomee ualimu pale Butimba, aliigeuzageuza ile tasnifu mikononi, akasema jalada lake ni zuri.

Jumatano moja asubuhi aliingia mbio kwa mzee Masele, fundi wa majiko ya mkaa, kisanduku cha chanjo begani. Jumapili saa nane mchana, kwenye sherehe ya ubatizo, mjukuu wa mzee, Evelina wa miezi kumi na moja, alilazwa mkeka mmoja na mtoto ambaye Jumanne alitoka vipele vya surua. Chanjo ikitolewa ndani ya siku tatu tangu mtoto akutane na mgonjwa, mara nyingi huwahi kumkinga. Evelina hakuwa amechanjwa, na siku tatu zilikuwa zinaisha leo. Mama yake, binti wa mzee, alikuwa Ukerewe kwenye biashara ya dagaa. Alipopigiwa simu alijibu, "Muulize baba."

Baba akakataa.

"Mtoto mzima, nesi," alisema mzee Masele, huku akiendelea kugonga bati. "Anamaliza bakuli la uji, homa hana. Mimi nimekuwa kamanda wa sungusungu miaka ishirini. Penye mwizi pana yowe. Hapa nani kapiga yowe?"

Mkewe alikaa mlangoni, amempakata Evelina.

Ajwang alianza vibaya, kama wasomi wengi. Alitaja protini, akataja interferoni, na kila neno jipya mzee alilijibu kwa nyundo. Mwishowe alikaa juu ya jiko ambalo halijapakwa udongo, akashusha pumzi.

"Haya, babu. Ukiwa kamanda, ni mwizi gani aliyekushinda?"

Nyundo ikasimama. "Mmoja tu. Alianza kwa kumziba mdomo mlinzi. Sisi huku tukajua kuna amani. Kumbe zizi limeshakuwa tupu."

Ajwang nusura amkumbatie.

"Ndiye huyo huyo, babu! Ndani ya kila seli ya mwili kuna mlinzi. Akikiona kirusi hutoa kemikali, ndiyo yowe lenyewe, na seli za jirani zinafunga milango. Sasa surua ina protini inaitwa V. Inamkaba mlinzi koo. Yowe likiponyoka, hiyo hiyo V inawaziba majirani masikio. Kuna na nyingine, C, kazi yake kufagia nyayo. Siku kama kumi mwili uko kimya, mtoto anacheka, na kirusi kinazaana."

"Na chanjo?"

"Ni surua iliyodhoofishwa. Mwili unajifunza sura yake na kujiandaa kabla yule mwenyewe hajatapakaa. Ila lazima iwahi, babu, na saa hizi ni saa tano."

Mzee alimtazama mjukuu wake. "Siku kumi," alisema. "Na aliye naye nyumbani hawezi kujua?"

"Hawezi. Hata mimi nesi, ningelala naye kitanda kimoja, nisingejua."

Mzee alifuta mikono kwenye suruali, akainama, akamshika Evelina mkono yeye mwenyewe. Sindano ikapita. Mtoto akatoa kilio cha kusikika Igoma yote, na Ajwang akakifurahia bila aibu. Akajaza kadi, akawaambia wamuangalie mtoto kwa wiki mbili tatu, homa ikija wampigie, na akifika mwaka na nusu aletwe tena.

Lakini mzee hakurudi kwenye bati lake. Alibaki amesimama mbele ya mkewe.

"Mama Kabula," alisema.

Ajwang alishangaa. Miaka yote alimsikia bibi huyu akiitwa Mama Antoni.

"Kabula alikuwa wa kwanza wetu," mzee akamweleza, macho yakiwa chini. "Surua ilimchukua mwaka themanini na tatu. Mimi nilikuwa lindoni, nalinda ng'ombe za watu. Niliporudi nikasema mama yake alilala, hakumuangalia mtoto mpaka ugonjwa ukaingia. Nimesema hivyo mpaka leo." Akamgeukia mkewe. "Kumbe hakuna ambaye angeona."

Bibi alimbembeleza Evelina mpaka akatulia.

"Nilikuambia nilikuwa macho," alisema. "Siku ile ile nilikuambia."

"Uliniambia," alisema mzee.