Abaya Iliyonizidi Urefu

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na dakika ishirini alasiri. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa naitazama ukutani kwa Bi Zuhura, nikiomba mishale ikimbie turudi nyumbani.

Salma mwanangu, najua wewe ni binamu yangu niliyekuzidi miaka minne tu, na ukisoma hilo neno mwanangu utacheka mpaka ukohoe. Cheka. Lakini mwezi ujao utashuka Riyadh, utafikia Malaz, mtaa ule ule tuliokaa sisi kabla Baba hajahamishiwa Jeddah, na huko hutakuwa na Bibi wa kukukalisha kwenye mkeka akueleze mambo ya ujana wake. Basi leo Bibi ni mimi. Kaa vizuri, mambo yenyewe ni ya mwaka juzi, nikiwa kidato cha pili.

Bi Zuhura ni rafiki wa Mama, wametoka mtaa mmoja Mombasa. Anakaa ghorofa ya nne, nyuma ya Balad, mji wa kale wa Jeddah, katika jengo ambalo lifti yake haijawahi kupanda tangu tulifahamu. Siku hiyo mjukuu wake alitimiza siku arobaini, na wanawake walijaa sebuleni, kama kumi na tano hivi, wa Mombasa, wa Lamu, wa Unguja, kila mmoja anaongea na hakuna anayesikiliza. Abaya zote zilikuwa zimevuliwa na kurundikwa juu ya kitanda cha chumbani, lundo moja jeusi.

Unajua nilivyo. Mtu akinisalimia sauti yangu inaenda kujificha. Mama Nuru, mgeni aliyefika Jeddah wiki chache tu kabla ya siku hiyo, alinipisha kiti chake na sikuweza hata kumwambia asante, nilitikisa kichwa kama mbuzi. Kitu pekee nilichokuwa nakiamini wakati huo ni daftari langu dogo la jalada la kijani. Yote niliyoshindwa kuyasema niliyaandika humo, kisha nikalifunga kwa mpira wa nywele, mizunguko miwili, na kulitia mfukoni mwa abaya.

Siku hiyo niliponyoka hadi chumbani, nikalitoa na kuandika juu ya Anti Kadzo.

Anti Kadzo ni mtu wa Kilifi. Alikuwa anafanya kazi za nyumbani kwa familia moja kule Al-Rawdah, anaishi humo humo, miaka mitatu. Tulizoea kumwona kwa saa moja tu, na ile ndiyo ilikuwa Ijumaa ya kwanza madam wake kumwachia atoke kuanzia baada ya chakula cha mchana hadi Maghribi, na sababu ilikuwa moja, kwamba kesho yake alasiri alikuwa anapanda ndege kurudi kwao moja kwa moja, halas. Alikuwa na mtoto wa kiume, Baraka, aliyemwacha akitambaa. Siku hizo Baraka alikuwa anaongea kwenye simu na kumuuliza kama ndege yake ni kubwa au ndogo. Anti Kadzo alikuwa anatusimulia hayo huku anacheka, na kicheko chake ulikisikia mpaka barabarani. Mimi, kwa kuwa sikuweza kucheka mbele za watu, nilikwenda kuandika kwamba anacheka kama redio mbovu na kila mtu anamwonea aibu isipokuwa yeye mwenyewe. Nakuandikia kama lilivyokuwa. Sikulipunguza.

Honi ya Baba ikalia chini.

"Rukia, babako huyo, na pale hapaegesheki. Yalla," Mama akasema, tayari yuko mlangoni na bakuli la pilau.

Nililirudisha daftari mfukoni mwa abaya yangu, nikaiweka juu ya lundo ili nivae kijuba cha kichwani kwanza. Mwanamke mmoja akaingia kutafuta yake, akapekua, akatoka. Nilipogeuka nikavuta iliyokuwa juu, nikavaa, nikakimbia.

Ghorofa ya tatu nilikanyaga pindo nikakaribia kwenda na ngazi. Salma, abaya yangu ilikuwa inaishia juu ya vifundo vya miguu, maana nilikuwa nimerefuka na Mama hajapata nafasi ya kuninunulia nyingine. Hii ilikuwa inafagia sakafu. Kwa hiyo nilijua. Nataka uelewe hapo, nilijua nikiwa ngazi kumi na sita tu kutoka mlango wa Bi Zuhura. Lakini kurudi maana yake ni kubisha, nyuso kumi na tano zigeuke, mtu aseme huyu Rukia kasahau nini tena, nami nijibu kwa sauti. Nikaliinua pindo kwa mikono miwili, nikashuka.

Ndani ya gari niligusa kadi ngumu mfukoni. Tulipofika nikajifungia msalani na kuitoa. Ilikuwa ikama ya Anti Kadzo, kile kibali cha kuishi ambacho mgeni hatembei bila nacho. Kwenye ile picha hacheki, na nilimwangalia muda mrefu kwa sababu sikuwahi kumwona hivyo. Kisha nikakumbuka daftari liko wapi, na ukurasa wa mwisho unasema nini. Hofu zikawa mbili. Nikirudisha abaya, nitakuwa nimejitaja kuwa mimi ndiye niliyeandika yale maneno. Nikaitundika nyuma ya mlango wa chumba changu, ikama ikiwa humo humo.

Maghribi ilipopita kidogo, Bi Zuhura akapiga simu. Mama aliweka sauti kubwa kwa sababu alikuwa anakunja nguo, kwa hiyo nilisikia yote. Anti Kadzo alikuwa wa mwisho kuondoka, dereva wa kwao anampigia honi, akavaa abaya iliyobaki bila kuiangalia. Alipofika Al-Rawdah akaona miguu yote iko nje na ikama haipo. Na kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, alikuwa amemwambia tangu mwanzo wa wiki kwamba kesho asubuhi yeye apewe ikama, naye ndipo atoe pasipoti. Mafi ikama, mafi safari, hakuna hiyo hakuna hii. Ikipotea ni kuandikisha polisi, ni karatasi kuanza upya, na hakuna aliyejua zingechukua muda gani. Bi Zuhura alikuwa amewapigia karibu wote. Kila mmoja alisema yake ni yake.

Mama akageuka. "Rukia, buibui lako ni lako?"

"Ni langu," nikasema.

Sijawahi kujibu swali upesi namna ile, hata darasani.

Bi Zuhura akaendelea. Akasema amebaki Mama Nuru, ambaye simu hapokei, na ambaye ni mfupi kama abaya yenyewe. Halafu akashusha sauti, akasema huyo mgeni, hatumjui, huenda kaiona ikama akaipenda, watu siku hizi wanaziuza. Mama akasema tusimdhanie mtu vibaya, lakini alilisema polepole, kama mtu ambaye ameshaanza kudhani.

Nilikwenda jikoni nikaanza kuosha vyombo ambavyo vingine vilikuwa safi. Mama akaja kusuza vikombe kando yangu. Hakuwa akinisema mimi, alikuwa akijisemea tu. "Mtoto wa watu kamngoja mamake miaka mitatu. Kesho usiku wangekuwa uwanjani kumpokea."

"Mama," nikasema.

Akanitazama.

"Si langu."

Nilidhani atapiga kelele. Alifunga bomba, akafuta mikono, akaniambia lete. Akaishika ile ikama, akalisoma jina, akampigia Anti Kadzo hapo hapo na kumwambia asogee getini. Kisha akamwita Baba. Baba alikuwa akirekebisha viyoyozi tangu alfajiri, akarudi kazini alipotushusha, ndio kwanza kavua viatu. Alitazama uso wa Mama, akatazama wangu, akavaa viatu bila soksi. Wakati tunatoka Mama akaniambia, "Bi Zuhura nitamwambia imepatikana. Ilikuwa wapi, hiyo utamwambia wewe."

Isha ilikuwa imetoka tu tulipofika Al-Rawdah, maduka ndiyo yanafunguliwa tena. Nyumba ile ina ukuta mrefu na mlango mdogo wa chuma pembeni ya geti kubwa. Anti Kadzo alikuwa amesimama nje na kitambaa cha jikoni begani, abaya yangu ameikunja vizuri kama nguo ya dukani. Nikampa yake. Akatia mkono mfukoni, akatoa ikama, akaigeuza mbele na nyuma, akakaa chini kwenye kizingiti na kujifunika uso kwa abaya. Mabega yakawa yanatikisika. Nikajua analia. Alipofunua alikuwa anacheka, na machozi yanashuka vile vile.

"Nilikuwa nimeshaanza kutunga," akasema. "Nitamwambia Baraka ndege imeharibika bawa."

Kisha akanipa daftari langu. Nikalipokea nikiangalia chini, na hapo ndipo nikaona. Mpira wa nywele ulikuwa umezungushwa mara mbili, na unywele wangu mmoja ulionasa kwenye fundo bado uko pale pale.

"Hukusoma?"

"Madam aliniambia fungua, jina litakuwa ndani. Nikamwambia subiri. Mtu hafungi kitu namna hiyo kama anataka kisomwe. Nilisema nitafungua asubuhi, nikikosa njia nyingine kabisa."

Salma, mimi nilikuwa nimeuona uso wake tangu kabla ya Maghribi, nikautundika nyuma ya mlango. Yeye alikuwa na jina langu mkononi, na safari yake ikining'inia, na alikuwa tayari kungoja hadi asubuhi ili asinisome.

Akaniuliza kama niliiona ikama. Nikasema ndiyo. Akauliza lini, nikamwambia. Baba akakohoa kule garini. Anti Kadzo akalikunja pindo la abaya yake magotini, akafikiri kwanza.

"Haya naijua," akasema. "Nilipofika nyumba hii, wiki nzima nililala njaa kwa kuona haya kuomba mkate wa pili. Lakini haya yangu ilininyima mimi. Yako leo ilitaka kumnyima mwanangu mama."

Hakusema kwa ukali. Angekuwa mkali ningepata pa kujificha.

Halafu akasimama, akanipangusa uso kwa kile kitambaa kilichonuka kitunguu, akasema nimwambie mamangu mtoto amekua, anunuliwe abaya, maana yeye ameshuka garini na miguu yake nje mpaka mlinzi akageukia ukuta. Akacheka, kicheko kile kile, na mtaa mzima wa kitajiri ulikisikia. Nikacheka naye. Nilicheka kwa sauti, barabarani, na Baba akatoa kichwa dirishani kuhakikisha ni mimi.

Tukarudi madirisha yako wazi. Nikasikia njaa ya ajabu. Baba hakunihubiria. Aliuliza tu kama nataka shawarma, nikala mbili.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, maana Bibi hakuachii uondoke bila kukwambia wazi. Tia alama kwenye abaya yako, uzi mwekundu ndani ya kola unatosha, kule zote ni nyeusi. Lakini hilo ni la sindano tu. Kubwa ni hili: ukijua umekosea, rudi ukiwa bado ngazini. Pale ngazini lilikuwa jambo la kuchekwa dakika moja na kusahauliwa kabla ya chai. Nililibeba hadi nyumbani likawa uongo kwa Mama, na kabla sijamaliza kuosha vyombo lilikuwa limeshamfanya Mama Nuru mwizi, yeye aliyenipisha kiti. Usijilaumu kwa kuwa mpole wa kusema, nawe umezaliwa hivyo kama mimi, na kimya chako ni kizuri sehemu nyingi. Kaa nacho. Ila ukiona kimya hicho mtu mwingine ndiye anayekilipia, fungua mdomo hata kama sauti itatoka imekwaruza. Na siri ya mtu ikiangukia mkononi mwako, iache ilivyofungwa.

Mwenyezi Mungu akufikishe Malaz salama, akupe majirani wenye moyo kama wa Anti Kadzo, na siku utakayoihitaji sauti yako aifanye iwe karibu. Akurudishe kwa Bibi ukiwa mzima na umerefuka.

Asubuhi yake, Jumamosi, niliamka kabla ya wote. Nikachukua simu ya Mama, nikakaa sakafuni jikoni, nikampigia Bi Zuhura mwenyewe, mimi ambaye hata simu ya Baba nilikuwa naipokea kwa kupumua tu.

"Shikamoo Bi Zuhura. Ni Rukia. Abaya niliichukua mimi, na Mama aliponiuliza nilimdanganya. Naomba namba ya Mama Nuru."

Mtoto alikuwa akilia nyuma yake. Akasema, "Marahaba. Kumbe una sauti." Akanitajia namba taratibu, tarakimu moja moja. Nikaiandika kwenye daftari, ukurasa ule ule wa Anti Kadzo, chini ya yale maneno. Halafu nikaanza kubonyeza.